Kabla ya Kubadilisha Nywila, Ujue Mwanya Unachukua Nini

Kati ya Oktoba 2017 na Aprili 2018 ilitangazwa mianya miwili ya usalama iliyogusa nyumba za wageni, ofisi za utalii na shule nyingi hapa Arusha. Wa kwanza ulikuwa katika Wi-Fi yenyewe. Wa pili ulikuwa katika ruta za MikroTik, zinazotengenezwa na kampuni ya Latvia, ambazo sisi mafundi wa mitandao wa mji huu tunapenda kuzifunga kwa sababu bei yake inahimilika na uwezo wake ni mkubwa. Mwanya wa kwanza haukuhitaji mtu yeyote abadilishe nywila ya Wi-Fi. Wa pili ulimtaka kila mwenye ruta iliyokuwa ikifikika kutoka intaneti abadilishe nywila ya ruta hiyo, na aliyesasisha programu bila kugusa nywila alibaki hatarini vilevile. Nilichokiona kwa wateja wengi kilikuwa kinyume chake: mwaka 2017 walihangaika kubadilisha nywila za Wi-Fi na kubandika karatasi mpya vyumbani, na mwaka 2018 waliambiwa kwamba ruta imeshasasishwa, wakaridhika.

Tangazo jingine la aina hiyo litakuja, na naamini litatufikia kwa njia ileile, yaani kwa ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi, usiotaja tarehe wala jina la kifaa, unaowataka watu wazime mtandao mara moja na kubadilisha nywila zote. Hoja yangu ni moja. Kabla mtu hajafanya lolote, anapaswa kujua mwanya huo unampa mshambuliaji kitu gani, na mshambuliaji huyo analazimika kuwa wapi ili akipate. Bila majibu hayo mawili, tunatibu kila homa kwa dawa ya malaria bila kupima damu.

Mwanya wa Wi-Fi uliitwa KRACK. Ulitangazwa Oktoba 16, 2017 na Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, katika utafiti alioufanya na Frank Piessens, na ulihusu WPA2, utaratibu ambao wakati huo ulikuwa ukilinda karibu kila Wi-Fi yenye nywila duniani. Simu inapojiunga na Wi-Fi, hubadilishana na kituo cha Wi-Fi, yaani ruta, jumbe nne, ambazo kwa njia yake pande mbili huthibitishana na kukubaliana ufunguo wa muda wa kusimba mawasiliano, yaani kuyafumba yasisomeke na mtu mwingine. Kituo kisipopata jibu la ujumbe wa tatu huutuma tena, kwa kuwa katika mawimbi ya redio ujumbe kupotea ni jambo la kawaida. Kasoro ilikuwa hapo: simu ilipoupokea ujumbe huo kwa mara nyingine iliusimika upya ufunguo uleule na kurudisha mwanzo hesabu ya pakiti (vipande vya data vinavyotumwa), ambayo kwa usalama haipaswi kujirudia kamwe chini ya ufunguo mmoja. Mtu aliyeweza kujipenyeza kati ya simu na kituo, akaufanya ujumbe wa tatu urudiwe kwa makusudi, aliweza kuanza kusoma yaliyosimbwa. Katika simu za Android kuanzia toleo la 6.0 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu programu iliyotumika humo ilisimika ufunguo wa sifuri tupu, ambao ni sawa na kutokuwa na ufunguo.

Katika maelezo yote hayo nywila ya Wi-Fi haina nafasi. Mshambuliaji hakuihitaji, hakuipata, na kuibadilisha hakukumzuia kwa dakika moja. Tena shambulio lilielekezwa hasa kwa kifaa kinachojiunga, yaani simu na kompyuta, si kwa ruta iliyo ukutani. Ruta ilihusika zaidi pale ilipotumika kurudufu mawimbi ya ruta nyingine, au pale ilipowasha utaratibu wa kuhamisha simu kwa haraka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kwa ruta za MikroTik zenyewe, matoleo ya 6.39.3 na 6.40.4 yalikuwa yamekwisha kuzibwa kabla ya tangazo, kwa kuwa watengenezaji walikuwa wameonywa mapema. Microsoft walikuwa wametoa kiraka chao, yaani sasisho la kuziba mwanya, Oktoba 10, Apple walitoa chao Oktoba 31 pamoja na iOS 11.1, na Google walitoa cha Android mwanzoni mwa Novemba.

Swali la pili, la mahali, lilipunguza hofu zaidi. Mshambuliaji wa KRACK alilazimika kuwa ndani ya eneo la mawimbi, kwenye maegesho ya magari, katika chumba cha jirani au katika duka la ng'ambo ya barabara. Kwa ofisi ya utalii iliyo katika jengo lenye ofisi nyingi karibu na Mnara wa Saa, hilo si jambo la kupuuza hata kidogo. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vichache na uwanja mpana, hatari ilikuwa ya kweli lakini ndogo, na ilivumilia kusubiri kiraka.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni maeneo ya Sakina alinipigia simu juma lile baada ya kupokea ujumbe wa kumtaka azime kila kitu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza moja kwa moja:

"Mwanangu, jioni hii napokea wageni wanaotoka Karatu. Nizime Wi-Fi au nisizime?"

"Usizime, Mama, wala usibadilishe nywila. Naomba nije nione kompyuta unayopokelea maombi ya vyumba na simu ya mapokezi."

Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe na kiraka kilikuwa ndani. Simu ya mapokezi ndiyo iliyokuwa tatizo, kwa kuwa ilikuwa Android ambayo mtengenezaji wake alikuwa ameacha kuipelekea masasisho. Tulikubaliana kwamba simu hiyo itolewe kwenye Wi-Fi na itumie bando la kampuni ya simu. Alikuwa na wasiwasi kuhusu malipo, nami nikamweleza kwamba anapobonyeza *150*00# kwa ajili ya M-Pesa, muamala huo unapita katika mtandao wa simu na haupiti katika Wi-Fi kabisa. Wageni walifika, wakapewa nywila ileile iliyokuwa imebandikwa ukutani.

Nilisikia wakati huo ushauri wa kurudi kwenye WEP, utaratibu wa zamani uliotangulia WPA. Huo ulikuwa ushauri mbaya kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu WEP huvunjwa kwa dakika chache na programu za bure, na anayeivunja anapata nywila nzima. Ushauri mzuri ulikuwa wa kuchosha: sakinisha kiraka kwenye kila kifaa kinachojiunga, na hadi kifike, hakikisha kila ukurasa unaoandika siri ndani yake unaanza na https, yaani unasimbwa wenyewe bila kutegemea Wi-Fi.

Mwanya wa ruta za MikroTik ulikuwa wa tabia tofauti kabisa. Winbox ni programu ambayo fundi huitumia kuingia katika ruta na kuipanga, nayo huzungumza na ruta kupitia lango namba 8291, mojawapo ya milango ya mtandao ambayo huduma za ruta hutambulika kwa namba zake. Kasoro iliyofahamika Aprili 2018 ilimruhusu mtu yeyote aliyeweza kulifikia lango hilo asome mafaili ya ndani ya ruta bila kuwa na nywila, likiwamo faili linalohifadhi majina ya watumiaji na nywila zao. Kiraka kilitoka Aprili 23, 2018 katika toleo la 6.42.1. Sasa tujibu maswali yetu mawili. Mshambuliaji alipata nini? Alipata nywila ya ruta. Alilazimika kuwa wapi? Popote duniani, ikiwa lango 8291 lilikuwa limeachwa wazi upande wa intaneti. Majibu hayo yanageuza dawa juu chini. Hapa hapakuwa na muda wa kusubiri, na kiraka peke yake hakikutosha, kwa kuwa nywila iliyokwisha kusomwa haisahauliki kwa sababu tu tundu iliyopitia limezibwa.

Kufikia Agosti mwaka huohuo, makumi ya maelfu ya ruta hizo, kwanza nchini Brazili na baadaye kwingineko, zilikuwa zikiingiza katika kurasa za watumiaji programu ya Coinhive, iliyotumia kompyuta za watu kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero bila idhini yao. Niliiona hali hiyo kwa macho katika nyumba ya wageni moja ya Njiro, ambako wageni walilalamika kwamba kompyuta mpakato zao zinachemka na feni zinazunguka kwa nguvu kila wanapojiunga na Wi-Fi. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la mashuka, imefunikwa vumbi, taa zake zikiwaka kama kawaida. Nilipofungua Winbox nilikuta katika orodha ya watumiaji jina ambalo mwenye nyumba hakulijua wala mimi sikuliweka. Katika sehemu ya kazi zilizopangiwa muda palikuwa na amri ya kupakua faili kutoka anwani ya nje na kulitekeleza, ikijirudia kila baada ya muda. Huduma ya SOCKS, inayomwezesha mtu kupitisha mawasiliano yake kupitia ruta hiyo, na ambayo nyumba ya wageni haina haja nayo, ilikuwa imewashwa, na sheria moja ya ukuta wa moto (kinga inayochuja mawasiliano yanayopita kwenye ruta) ilikuwa ikivuta kurasa zote zisizosimbwa na kuzipitisha katika proksi, yaani kipitishio cha kurasa, ya ruta yenyewe.

Kusasisha toleo katika hali hiyo kungeacha kila kitu nilichokitaja mahali pake, na hapa ndipo naona mafundi wengi wanapoishia. Nilichomoa kwanza waya wa intaneti. Nikaandika kwa mkono mipangilio niliyoihitaji, nikiacha kwa makusudi kurudisha nakala ya akiba, kwa kuwa nakala iliyochukuliwa baada ya uvamizi hubeba pia mtumiaji wa mvamizi na kazi zake. Nikaisafisha ruta na kusakinisha programu upya kwa Netinstall, zana ya MikroTik ya kazi hiyo, nikaweka toleo jipya, nikaandika mipangilio upya, nikaweka nywila ambayo haikuwahi kutumika popote, kisha nikalifunga lango 8291 kwa upande wa intaneti na kuzima huduma ambazo hakuna anayezitumia. Mwisho tuliomba jina na nywila mpya za kuunganishia intaneti kutoka kwa mtoa huduma, kwa sababu nazo zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya ruta hiyohiyo.

Kuna tabia ya kazi yetu ambayo lazima niiseme wazi. Fundi mmoja anaweza kuwa na wateja kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, na katika ruta zote hizo ameweka nywila moja ili asisumbuke kukumbuka. Mwanya kama wa Winbox ukimpata mteja mmoja tu, mvamizi anakuwa amepewa ufunguo wa wateja wote, wakiwamo ambao ruta zao zilisasishwa mapema. Nawaomba wenzangu tuiache tabia hiyo. Programu za kutunza nywila zipo, baadhi yake ni za bure, na hata daftari lililofungiwa kabatini ni bora kuliko nywila moja kwa mji mzima.

Ushahidi kwamba kiraka hakikutosha ulikuja miaka mitatu baadaye. Septemba 2021 kampuni za Yandex na Qrator za Urusi zilieleza habari za jeshi la vifaa vilivyotekwa, lililopewa jina la Mēris, ambalo lilikuwa limeielemea Yandex kwa maombi karibu milioni 21.8 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilikuwa ruta za MikroTik. Kampuni ya MikroTik ilieleza kwamba, kwa kadiri ilivyoona, hizo zilikuwa ruta zilezile zilizovamiwa mwaka 2018, na kwamba kusasisha tu hakumsaidii mtu ambaye nywila yake ilikwisha kuchukuliwa. Anapaswa kubadilisha nywila, kukagua ukuta wa moto na kutafuta amri ambazo hakuziandika yeye.

Wanaokumbuka Heartbleed ya Aprili 2014 watatambua kwamba mpangilio wa hatua una uzito uleule. Mwanya ule wa OpenSSL, programu ambayo tovuti huitumia kusimba mawasiliano, ulimruhusu mtu aliye popote kuvuta vipande vya kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa kila ombi, na ndani ya vipande hivyo paliweza kuwa na nywila za watu na hata ufunguo wa siri wa tovuti. Dawa yake ilikuwa na ngazi tatu: kuziba seva, kutengeneza ufunguo na cheti kipya na kufuta cha zamani, na baada ya hapo ndipo watumiaji waambiwe wabadilishe nywila. Mtumiaji aliyekimbilia kubadilisha nywila siku ya kwanza, kwenye tovuti ambayo bado haijazibwa, aliiweka nywila yake mpya katika kumbukumbu ileile iliyokuwa ikivuja.

Haraka nayo ina mipaka yake, hasa katika mji unaoishi kwa utalii. Msimu wetu mkubwa ni kuanzia Juni hadi Oktoba, na hakuna mwenye nyumba anayekubali mtandao ukatwe saa mbili usiku wakati wageni wanazungumza na familia zao. Mimi hufanya masasisho mchana, wageni wakiwa wametoka kwenda mbugani. Ruta haisasishwi bila UPS (kifaa cha akiba ya umeme), hata kama umeme unaonekana umetulia, kwa sababu umeme ukikatika wakati kifaa kinaandika programu mpya, kinaweza kushindwa kuwaka tena, na huko ni kujiletea hasara ambayo mvamizi hakuileta. Pale ambapo kiraka lazima kisubiri, kufunga lango kwenye ukuta wa moto ni kazi ya dakika chache isiyokata mtandao. Kwa Winbox hatua hiyo peke yake, ikifanywa mapema, ilimzuia mvamizi wa mbali.

Yote haya yanamtaka mtu ajue ana vifaa gani. Desemba 2021, mwanya wa Log4Shell ulipotangazwa katika maktaba ya Log4j, yaani kipande cha programu kinachotumiwa ndani ya programu nyingine nyingi, kazi ngumu ilikuwa kujua maktaba hiyo imejificha ndani ya programu zipi. Programu ya kusimamia vituo vya Wi-Fi vya UniFi, ambayo lodge nyingi huiweka kwenye kompyuta ya mapokezi na kuisahau, ilikuwa mojawapo. Viraka vyenyewe vilifuatana, kwa kuwa toleo la 2.15.0 lilionekana halitoshi, likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, na aliyesakinisha la kwanza na kufunga faili alilazimika kurudi. Kila mteja wangu sasa ana karatasi moja ndani ya kabati la ruta inayoonyesha jina la kifaa, toleo la programu, tarehe ya kusasishwa mara ya mwisho, na milango iliyo wazi kwa nje.

Habari za uhakika hutafutwa kwa mtengenezaji wa kifaa, na hapa nchini kwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Kiraka hakipakuliwi kutoka kiungo kilichotumwa katika kundi la WhatsApp, hata aliyekituma awe mtu tunayemheshimu. Kwa vijana wanaojifunza kazi hii, naongeza kwamba kujaribu mwanya kwenye mtandao wa jirani ili "kumwonyesha" kwamba uko wazi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia ni njema. Mwombe ruhusa kwanza, na ruhusa hiyo iwe ya maandishi.

Tangazo likitoka, siku hizi huwatumia wateja ujumbe wa aina moja, ambao kwa mwanya wa Winbox ungesomeka hivi: "Habari za leo. Kuna mwanya katika ruta yako ya MikroTik, toleo la chini ya 6.42.1. Mtu aliye mbali anaweza kusoma nywila ya ruta. Wi-Fi ya wageni iendelee kutumika. Nimeshafunga lango la nje sasa hivi. Kesho saa sita mchana nitakuja kusasisha na kuweka nywila mpya ya ruta. Mtandao utakatika kwa muda mfupi. Nywila ya Wi-Fi haibadiliki." Ujumbe huo unataja kifaa, kinachoweza kuchukuliwa, mahali alipo mshambuliaji, kilichofanyika, kitakachofanyika na saa yake. Mwenye nyumba ambaye fundi wake anamwambia tu kwamba "nimeshashughulikia" ana haki ya kudai maelezo hayo kabla ya kulipa ankara.